Kodi ya Duara

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi njema, jioni msiba.

Mama Dafroza, mwenye kampuni yetu ndogo ya kutoa mizigo forodhani hapa Rusumo, katuita ofisini mimi na Frednand. Kasema mwaka huu kapata kitambulisho kimoja tu cha kuingilia yadi. Wakimbiza makaratasi tuko wawili. Mmoja atabaki, mwingine Mungu atamfungulia mlango mwingine.

Nikacheka moyoni. Nani asiyemjua Ahmadi hapa mpakani? Madereva wa Kigali, wa Bujumbura, wa Goma, wote wananiita Wizara. Frednand ni kijana wa Kasulo, mpole, bado anamwamkia hata mbwa wa getini. Nikaanza kutafuta kamba nzuri ya kuvalia hicho kitambulisho.

Kumbe mama huyu, kabla ya kuingia kwenye mizigo, alifundisha hisabati sekondari, na ugonjwa ule hauponi. Kasema hatachagua kwa sura wala kwa kelele. Kwenye kelele akaniangalia mimi. Jumamosi atatupa mtihani. Maswali ya kidato cha nne. Jometri tupu. Eti mtu asiyeweza kuithibitisha pembetatu haaminiki na makaratasi ya lori la watu.

Mimi niliishia kidato cha pili. Si kwa ujinga. Nilikuwa naelewa haraka mno, shule ikaniishia mapema. Frednand alifika cha nne na hisabati akapata F. Kwa hiyo yeye ana cheti kinachothibitisha kwamba hajui. Mimi sina. Niko mbele.

Mke wangu Sauda kauliza, nikishindwa je. Nimemwambia neno hilo katika nyumba hii halina makazi.

Lakini lina. Makazi yake ni Biharamulo mjini, duka la kaka Hasani. Tangu babu yetu apande huku kutoka Pangani, ukoo unauza vitambaa. Kaka ana hamu nikae naye nikunje kanga mbele ya wateja, huku akiwasimulia jinsi nilivyokuwa mtu mkubwa mpakani. Afadhali nizikwe.

Jumanne, 4 Februari

Mama Dafroza katugawia vitabu vya maswali ya miaka iliyopita. Nimefungua langu baada ya chai. Nilipokwisha kukifungua ikanibidi ninywe chai nyingine.

Swali la kwanza. Pembetatu ABC, upande AB sawa na AC, pembe A ni digrii arobaini, tafuta pembe B. Nikasema hili ni la watoto. Nikaazima kipimapembe cha binti yangu Zulfa, nikaipima ile pembe pale pale kwenye mchoro. Hamsini na mbili. Nimeandika kwa wino.

Halafu nikaona maandishi madogo chini: mchoro huu haukuchorwa kwa vipimo halisi.

Yaani mchoro umekiri wenyewe kwamba ni mwongo. Mpakani ukileta karatasi ya namna hiyo lori linalala hapa wiki mbili. Hawa watunga mitihani wanaiweka kwenye kitabu, wanaipa na namba ya ukurasa.

Swali la pili. Thibitisha kwamba pembe hizi mbili ni sawa. Nimekaa nalo saa nzima. Kama mwenye swali keshasema ni sawa, mimi ni nani nimbishie? Kesi imekwisha kabla ya shahidi kuitwa. Nimeandika: "Nakubali."

Jioni nikapata wazo. Shamimu, binti wa kaka Hasani, yuko kidato cha nne. Nikampigia anisomee majibu ya kitabu kizima, niyakariri. Nilikariri juzuu mbili nikiwa na meno ya utotoni, nitashindwa na pembetatu? Mtoto kacheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Akanipa jibu la lile la kwanza: sabini. Nikalikariri papo hapo. Sabini, sabini, sabini. Tulipofika swali la pili simu ikanyakuliwa. Kaka Hasani. Kauliza, kwani mpakani siku hizi wanavusha pembe? Halafu akasema kwa upole, upole ule wa kuumiza, kwamba kanga mpya zimefika na zinahitaji mkunjaji.

Sikulala vizuri. Niliota nakunja pembetatu na ncha moja inabaki nje kila mara.

Jumatano, 5 Februari

Mwanga. Yupo dereva Mrundi, Bizimana, lori lake la saruji linasubiri karatasi zake zikamilike. Nimekuja kugundua kwamba kabla ya usukani alisomea ualimu wa hisabati huko Gitega. Nikamwambia karatasi zake nitazisukuma kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye anisukume mimi.

Tumekaa kivulini mwa lori lake. Shida ni kwamba hisabati zake zote ziko kwa Kifaransa. Pembetatu yenye pembe mraba yeye anaiita "triyango rektango." Nikamwambia bwana, rektango ni mstatili, na mstatili una pembe nne, sasa hizi tatu na nne zinaoana vipi. Kanitazama kama mtu anayetazama gurudumu lililopasuka mbali na mji. Akaanza upya. Mwenyezi Mungu amlipe, alianza upya mara nyingi.

Mwisho kachora kwa kijiti mavumbini. Upande mmoja tatu, mwingine nne, ule wa mshazari haujulikani. Kila upande uzidishe kwa wenyewe, hizo mbili zijumlishe, halafu utafute namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta jumla ile. Tisa na kumi na sita ni ishirini na tano. Tano.

Nikainuka. Nikafanya peke yangu kwa tano na kumi na mbili. Ikaja kumi na tatu. Nilipiga kelele mpaka utingo wa lori la pili akatoka chini ya turubai kuuliza kama mpaka umefungwa.

Bizimana kaniambia jambo moja nilishike: ukiona mstari umelala ndani ya duara, tafuta hiyo pembetatu, iko mle imejificha. Nikamwambia mimi kazi yangu yote ni kutafuta vilivyofichwa ndani ya vitu.

Leo najiona. Frednand apige magoti, kanisani kwao wanajua kupiga magoti.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya fedheha, na fedheha yenyewe ni ya wema.

Asubuhi nilimwona Frednand na mkebe mpya wa hisabati. Bikari, rula, kifutio kinachonukia. Moyo ukanifa. Nikapanga la kupanga: nitamnong'oneza kwamba mama kabadili mawazo, mtihani utakuwa wa aljebra. Si uongo, ni uvumi. Uongo una mwenyewe, uvumi hauna baba.

Nikamfuata mchana nyuma ya ofisi. Nikamkuta kakaa juu ya tairi bovu, mkebe umefungwa magotini, macho mekundu. Kabla sijatoa uvumi wangu kaniambia, "Kaka Ahmadi, mimi nimeshaferi." Watu wa kwao hiyo "r" na "l" zinabadilishana viti. Kawaida namcheka. Leo sikuweza. Kasema mke wake Priscila amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita, wako kwa wazazi Kasulo, na yeye alishamwandikia baba mkwe kwamba kazi ya hapa ni ya uhakika. Kasema kila akiona pembetatu anamwona mwalimu wake wa zamani amesimama na fimbo.

Nikamwambia asiwe mjinga, pembetatu haichapi mtu.

Halafu, sijui ni shetani au ni malaika, wote wawili huwa wanapitia kwangu, nikaokota kijiti. Tatu. Nne. Zidisha kwa wenyewe. Jumlisha. Kijana hakushika mara ya kwanza. Mara ya tatu kashika. Nikampa na lile la Bizimana, kwamba ukiona mstari ndani ya duara, tafuta pembetatu iliyojificha. Akaniuliza na kama mstari umekatwa katikati? Nikamwambia nusu ni nusu, Frednand, hata kwa Wafaransa.

Kanishukuru kwa mikono miwili. Kaniambia ningekuwa mwalimu wake asingepata F.

Usiku Sauda kauliza nimefanya nini leo kuhusu mtihani. Nimemwambia nimefanya marudio. Sikusema nimemrudia nani.

Mimi ni ng'ombe. Si ng'ombe wa kawaida. Ng'ombe anayemnolea mchinjaji kisu.

Ijumaa, 7 Februari

Kwa kuwa nimemgawia adui silaha, lazima nipate nyingine. Nimefikiri tangu alfajiri. Jibu likaja nikitazama kofia yangu nyeupe ya darizi.

Ndani ya ukingo wa kofia kuna nafasi ya kutosha sekondari nzima. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi ndogo nzuri: eneo la duara, mzingo wa duara, jumla ya pembe za pembetatu, jumla ya pembe za umbo lenye pande nyingi. Kesho naivua kama mtu anayeona joto, naiweka mezani chali, nasoma. Hakuna anayekagua kofia ya Mwislamu mwenye heshima zake.

Kosa dogo: nikaivaa kwenda sala ya Ijumaa, ili izoee.

Leo jua lilikuwa kali kuliko siku zote. Msikiti umejaa. Nimetokwa na jasho tangu khutba. Nikasujudu na wenzangu, nikasujudu vizuri, kwa uzito, nikiombea kitambulisho. Tulipotoa salamu, imamu wetu, Maalim Abdulkadiri, kanikazia macho. Kaniita kando. Kauliza kwa sauti ya chini ile talasimu iliyoandikwa kwenye paji la uso wangu kanipa mganga gani, na kwa nini imeandikwa kinyumenyume.

Nikajibu ni eneo la duara. Hakuridhika. Kanisomea aya, kanishauri niogope shirki, wazee watatu wakaja kutazama. Mmoja alisoma vizuri kabisa "digrii mia moja themanini" na kusema hiyo ndiyo hesabu ya majini.

Sauda kanisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia. Paji linawaka moto. Kofia ameiloweka, jometri yote imehamia kwenye beseni, maji ya buluu. Zulfa kaniuliza baba ulikuwa unacheza nini.

Nimelala na ngozi bila elimu.

Jumamosi, 8 Februari

Mtihani umefanyika. Na ninaandika haya nikiwa mtu mwenye furaha ya ajabu, kwa hiyo niandike haraka kabla haijaisha.

Mashine ya kutolea kopi ofisini ilitafuna karatasi zote mbili za mtihani. Mama Dafroza kasema hakuna shida, atatusomea maswali kama zamani darasani, na sisi tuandike. Kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha sekondari, kwa sababu yangu, kasema. Nikamwambia shikamoo mwalimu na asante. Kiswahili ndicho kitu pekee ambacho mpaka huu wote wanakuja kujifunza kwangu. Huku kila mtu ana lugha ya mama yake kwanza, Kihangaza, Kisubi, Kirundi. Mimi Kiswahili ndicho nilichonyonya.

Swali la kwanza, pembetatu, pande mbili sawa, pembe A ni hamsini, tafuta B. Nikaandika sabini kabla hajafunga mdomo. Kanitazama. Nimemtisha.

Swali la pili, thibitisha. Nikakubali tena, safari hii kwa maneno mengi na kwa heshima.

Halafu swali kubwa, lenye alama nyingi kuliko yote. Niliandika neno kwa neno: "Duara lina katikati O. Kodi AB ni kumi na sita. Umbali kutoka O mpaka kwenye kodi ni sita. Tafuta nusukipenyo cha duara."

Moyo ukaruka. Kodi.

Wallahi nilitaka kumkumbatia yule mama. Hiki si kisa cha pembetatu tena, hiki ni chakula changu cha kila siku. Nikamtazama Frednand kwa huruma. Maskini kajikunja, anakata mstari wake katikati, anachora vipembetatu vyake vya tairi bovu. Hakusikia hata neno kodi. Hivyo ndivyo lugha inavyomwacha mtu njiani.

Nikachora duara, zuri, kwa kifuniko cha chupa ya chai. Nikaeleza. Duara ni nchi. A ni bandarini Dar es Salaam, B ni Rusumo. O ya katikati nikaweka Dodoma. Mzigo unaingia A, unapita ndani, unatoka B. Nikaandika kwa herufi kubwa: MZIGO UNAOPITA TU HAUTOZWI KODI. Kwa hiyo hiyo kumi na sita imetozwa kimakosa na mwenye lori arudishiwe. Ule umbali wa sita kutoka katikati nikaufafanua kuwa lori lilikwepa Dodoma, jambo linalotia shaka na linalohitaji barua ya maelezo. Kuhusu nusukipenyo, nikasema hakiwezi kutafutwa mpaka dhamana ya mzigo ionyeshwe.

Kurasa mbili na nusu. Sahihi yangu chini. Nilikosa muhuri tu.

Frednand kaandika vistari vinne, akaweka kalamu chini, akatazama dirishani. Nikampigapiga bega tulipotoka. Nikamwambia maisha hayaishii hapa.

Jumapili, 9 Februari

Mama Dafroza kaenda misa, atasahihisha jioni. Nimekaa kibarazani. Nimempigia kaka Hasani kumjulisha kwamba mkunjaji kanga atafute mwingine. Kasema inshallah. Ile inshallah yake fupi.

Adhuhuri nikamwuliza Zulfa, kupitisha muda tu, shuleni kodi wanasemaje. Kasema kodi ya duara ni mstari unaogusa duara sehemu mbili. Nikamwambia hiyo ni kodi ya kitoto, ya shuleni. Kasema ndiyo, baba, ya shuleni.

Sikula chakula cha jioni. Samaki alikuwa na mviringo fulani.

Jumatatu, 10 Februari

Frednand thelathini na moja. Mimi tisa.

Hizo tisa, kasema mama, tano ni za duara lenyewe, kwa sababu hajawahi kuona mwanafunzi akichora duara safi namna ile, na nne ni za mwandiko. Kwenye lile swali la kodi kaandika pembeni kwa wino mwekundu: jibu zuri sana la swali ambalo sikuuliza. Alipokuwa ananirudishia karatasi alikuwa anafuta macho na ncha ya kitenge. Si kwa huzuni.

Frednand alipata lile swali lote. Kumi na sita akaikata nusu, nane. Nane na sita, zidisha kwa wenyewe, jumlisha, mia moja. Kumi. Mama kamwuliza mbinu hiyo kafundishwa na nani, maana kwenye F haikuwemo. Kijana kaninyooshea kidole mimi, anang'aa kama anayetambulisha mzazi wake. Kasema, "Ni huyu huyu kaka, mwalimu, alinifundisha juu ya tairi." Mama kaifunga kalamu yake nyekundu. Kasema hata hivyo mtihani ni mtihani. Nikasema hata mimi ningesema hivyo.

Mchana nikaenda getini kwa mazoea, miguu haijapata taarifa. Samweli mlinzi, ambaye tumekula naye mihogo miaka yote, kasimama katikati ya njia. Kasema, "Wizara, unanipa wakati mgumu." Nikamwambia sitaki kuingia, nimekuja kutazama. Kaniacha nitazame. Malori yamepangana mpaka kwenye kona. Maji ya maporomoko yanasikika chini kule, na dereva mmoja ndani anaita Wizara, Wizara, karatasi yangu. Nikaona Frednand anakimbia kwenda kwake, kitambulisho kinampiga kifuani.

Kimemkaa vizuri. Nimelazimika kumpigia kelele aende kwanza dirisha la tatu, la pili hawasikii kitu kabla ya saa nane. Kaniinulia mkono.

Nyumbani sikuingia mpaka Sauda aliponitoa kibarazani kwa mkono, kama kipofu.

Jumatano, 12 Februari

Sauda kapanga nguo zangu kwenye begi la basi. Kaka Hasani kaniwekea kitanda stoo, katikati ya vitenge. Kasema nitaamkia kazini. Jana hata redio sikuifungua. Zulfa kaniletea uji, kakaa kando yangu mpaka ukapoa. Nimezeeka siku mbili hizi kuliko barabara ya zamani.

Nimefikiri sana kosa langu liko wapi. Nimelipata. Sikutaja kifungu cha sheria. Ningetaja kifungu, yule mama asingekuwa na la kusema.

Alhamisi, 13 Februari

Begi liko mlangoni, basi ni kesho alfajiri. Jioni hodi. Frednand, kofia mkononi, uso wa tairi bovu.

Kasema mama Dafroza amependa sana matokeo yake, kapenda kupita kiasi. Kitambulisho kamwachia kwa mwezi mmoja tu. Ukiisha, mtihani wa pili, na wa pili ni takwimu. Akifeli, nafasi itabaki wazi. Kijana kasema usiku hapati usingizi, mtoto wao Kasulo ameanza kucheka, na katika wote waliowahi kumfundisha, aliyemwelewa ni mimi peke yangu. Kasema atanilipa ugali na heshima. Kasema, "Kaka, takwimu unazijua?"

Neno hilo nililisikia mara ya mwisho kwenye taarifa ya habari.

Nikamwambia akae chini. Nikamwambia takwimu mimi nimezaliwa nazo, mkunga aliandika ya kwanza. Nikamwambia aje kesho jioni na penseli mbili, moja yake na moja yangu. Kijana kalia kidogo. Na mimi nikalia kidogo, kumsindikiza. Sauda alipita na ufagio, akasimama, akanitazama muda mrefu, akaanza kutoa nguo begini moja moja.

Nimempigia kaka Hasani asinisubiri kwenye basi. Nimemwambia nimepata kazi ya ualimu. Kauliza somo gani. Nikamwambia hisabati.

Kaka hakukata simu. Nikasikia cherehani tu inashona dukani kwake. Nadhani alikuwa anameza machozi ya fahari.